Siku Baba Mdogo Alipoziharibu Nyayo

Enzi zetu, sisi tuliokulia Nyamwaga miaka ya hamsini, tulikuwa na mpelelezi mmoja tu, na tulimgawana kijiji kizima. Leo wajukuu zangu wana wapelelezi mia moja kwenye simu, wote wana misuli, meno meupe na magari yasiyoishiwa mafuta, na bado utasikia wanalalamika kwamba hakuna cha kuangalia. Wetu alikuwa ndani ya kitabu kimoja kisicho na jalada, chenye kurasa zilizonuka moshi na mafuta ya kupikia. Kitabu hicho alikuja nacho baba mdogo Chacha kutoka Nairobi, alikokuwa mpishi kwa mzungu mmoja. Mzungu alikitupa, baba mdogo akakiokota jalalani. Alirudi nyumbani na vitu vitatu vya kutamba navyo: kitabu hicho, suruali ya kaki, na buti jeusi ambalo tulilisikia kabla hatujamwona mwenyewe.

Nakumbuka Jumapili zile kama za juzi. Asubuhi tulipakwa mafuta ya ng'ombe miguuni mpaka tukang'aa, tukaenda ibadani, tukaimba kwa nguvu kuliko tulivyoelewa. Tukirudi kulikuwa na ugali wa ulezi uliochanganywa na muhogo, mgagani uliolazwa kwenye maziwa, na kwa wenye bahati, ndizi za kuchoma. Wavulana walipiga mpira wa maganda ya migomba, sisi wasichana tukacheza mdako kwa vijiwe tulivyovificha wiki nzima, maana kijiwe kizuri kiliibiwa hata na rafiki. Halafu jua likianza kulegea, baba mdogo alitoa kigoda chake nje, akafungua kitabu, na michezo yote ikafa.

Alisoma kimoyomoyo kwa Kiingereza, akanyamaza, akatuambia kwa Kikurya. Mara nyingine Kikurya kilimwishia akaingiza Kiswahili, na Kiswahili kikimwishia akatumia mikono. Jina la mpelelezi lilimshinda kulitamka, basi wazee wakampa jina la kwetu: Mwita. Mwita aliishi peke yake katika mji mkubwa wa ng'ambo, kwenye chumba chenye meza, kiti na chupa ya pombe. Watu walimjia na shida zao, naye akatoka kwenye mvua kwenda kutafuta ukweli. Hapo ndipo wazee walipoanza kumbana baba mdogo kwa maswali.

"Ana ng'ombe wangapi?" aliuliza Mzee Magige, ambaye ndiye aliyekuwa mfuata nyayo wa kijiji mpaka macho yalipofifia.

"Hana hata mmoja, mzee."

"Mbuzi?"

"Hata kuku hana."

Wazee walitazamana. Mtu asiye na kuku anaaminiwaje kutafuta mali za wengine? Bibi yangu, mama yake baba mdogo, aliyekuwa akichambua ulezi pembeni, yeye aliuliza jambo moja tu: nani anampikia. Aliposikia kwamba Mwita anakula hotelini kila siku, alitikisa kichwa akasema, "Maskini, mama yake amekufa," na tangu siku ile alimhesabu kama yatima wake.

Kilichotugombanisha zaidi kilikuwa tabia ya huyo Mwita. Alikunywa. Aliwadanganya polisi bila kupepesa macho. Aliingia nyumba ya mtu akapekua makabati wakati mwenyewe hayupo. Wanaume walisema mtu wa hivyo kwetu angeitwa mbele ya ritongo, yaani baraza la kijiji, na angetozwa mbuzi. Lakini huyohuyo Mwita alipigwa mpaka akatapika damu kwa sababu alikataa kumtaja kijana asiye na hatia. Siku moja tajiri alimletea hela anyamaze kuhusu mzee fulani. Mwita akazikataa hela, kisha akanyamaza vilevile, kwa kumhurumia yule mzee.

"Sasa amepata nini?" Mzee Magige alifoka. "Anayekula hongo akanyamaza, ninamwelewa. Anayekataa hongo akasema, ninamwelewa. Huyu wako ni mtu wa namna gani, mura, kijana wangu?"

"Ndicho kitabu chenyewe, mzee," alisema baba mdogo akicheka. "Na mimi nasoma nijue."

Baadaye nimekuwa mwalimu, nimesoma hadithi nyingi za upelelezi, za Kiswahili na za Kiingereza, na sijawahi kusikia swali zuri kuliko lile. Hadithi zile zinazodumu ni za mtu wa aina ya Mwita, ambaye ukimpima kwa amri kumi anaanguka, ila huwezi kumwacha peke yake kwenye mvua. Vijana wa leo hawamtaki. Wanataka mwema awe mwema tangu dakika ya kwanza na mbaya aje na ndevu zake. Nikiwaambia subiri kidogo, wanasema, "Bibi, hii inachelewa," wanaruka mpaka mwisho.

Lakini nilitaka kusema habari ya nyayo.

Nilikuwa na miaka kama kumi. Jumapili moja sikwenda ibadani kwa sababu ya funza. Vijana hawatajua funza ni nini, ila wenzangu mnakumbuka: muwasho ule mtamu, mwiba wa kuchokolea, halafu kilio. Wangu waliingia kidole cha mwisho cha mguu wa kulia, wakakiharibu mpaka kikakaa upande, kama kinataka kuhama mguuni. Nilibaki nyumbani na bibi. Bibi hakuwa mtu wa kanisa. Alisema Mungu anamjua anapokaa na hawezi kumtembeza mlimani kila wiki.

Kijiji kilipokwisha kuwa kitupu, bibi alichukua kamba akaniambia, "Bhoke, twende tukamchukue ng'ombe wetu."

Tulishuka, tukavuka kijito, tukaingia malisho ya Mzee Wambura. Palikuwa na mtamba mmoja, ng'ombe jike ambaye hajazaa, amefungwa kwenye kichaka, mwekundu, mwenye baka jeupe usoni. Bibi alimwita kwa jina ambalo sikulijua, akamshika shingo, akamnusa kama watu wanavyonusa mtoto mchanga. Kisha akamfungua. Yeye alivuta mbele, mimi nikaswaga nyuma kwa kijiti, nikichechemea. Tulirudi kwa njia ya chini, pembeni ya migomba, tukapita kwenye chemchemi ya kijiji, tukapanda kilima cha pili. Huko alikuwa anatungoja shangazi yangu aliyeolewa Kerende. Akampokea mtamba, akaondoka naye bila kukaa.

Njiani kurudi bibi alinieleza. Babu alipokuwa hai aliweka ng'ombe wake mmoja kwa Wambura amtunzie, kama marafiki walivyofanya zamani, ili tauni ikija zizi moja isimalize mali yote. Babu akafa, shahidi wao akafa, na Wambura akasema hamjui ng'ombe huyo. Bibi alimdai miaka mingi, akachekwa. Mtamba yule alikuwa mjukuu wa ng'ombe wa babu, mwenye baka lilelile.

"Ni wetu," alisema. "Lakini usiseme."

Nilikuwa mtoto, nikaona ni jambo jema na tamu. Sikulala njaa wala sikulala na hofu. Hofu ilikuja kesho yake asubuhi, watu wa Wambura waliposimama ng'ambo ya kijito na fimbo zao wakapaza sauti: "Nyayo zimeingia kwenu!"

Wasiotoka kwetu niwaeleze kidogo. Nyayo za mnyama aliyeibwa zikifika mpaka wa kijiji, wenye kijiji wanazipokea. Kazi yao inakuwa kuzifuata na kuzitoa upande wa pili, wawakabidhi wa huko. Wakizitoa, wako safi. Nyayo zikipotea ndani ya kijiji, kila kaya inaapishwa mbele ya wazee, na kiapo chetu hakikuwa mchezo: tuliamini anayeapa uongo hamalizi mwaka, na watu wa nyumba yake humfuata.

Nilipiga hesabu yangu ya kitoto pale pale. Nyayo zikitoka, zitakwenda moja kwa moja Kerende kwa shangazi. Zikipotea, bibi ataapa, na bibi atakufa.

Ritongo ilikaa haraka. Mzee Magige haoni. Nani atafuata nyayo? Na hapo ndipo wazee wetu walipofanya kosa ambalo nadhani lingetokea Nyamwaga peke yake duniani. Mmoja alisema, "Si yupo Chacha? Mwaka mzima anasoma habari za mtu wa kutafuta wezi. Atakuwa ameshajua." Wote wakaona ni kweli kabisa. Baba mdogo alikataa, akasema yeye ni mpishi, akasema Mwita hajawahi kuona kwato maisha yake yote. Walidhani ni unyenyekevu, wakamsifu kwa hilo pia.

Akavaa buti lake akatangulia. Watu walimfuata kwa mbali, maana hairuhusiwi mtu kumpita mfuata nyayo asije akakanyaga alama. Mvua ilikuwa imenyesha Jumapili jioni, na sehemu kubwa ya njia ilikuwa imefutika. Sisi watoto tulijipanga juu ya kilima na vibuyu vya maji, tukijifanya tunakwenda kuchota. Nilimwona akiinama, akisimama, akikuna kichwa. Watu walianza kunong'ona kwamba hajui kitu.

Akafika kwenye chemchemi. Pale chini ya migomba mvua haikuwa imepiga, na tope lilihifadhi kila kitu kama unga uliomwagika. Baba mdogo alichuchumaa. Alikaa pale muda mrefu. Najua alichokuwa akiona, kwa sababu nilikipita nikichota maji asubuhi ile na sikuwa na akili ya kukifuta: kwato za mtamba, kisigino kipana cha mwanamke mzee, na nyuma yake mguu mdogo wa kulia wenye kidole kilichokaa upande.

Aliinua uso akatazama kilimani. Watoto tulikuwa kama kumi na watano. Macho yake yalikuja yakasimama kwangu, yakashuka mpaka kwenye mguu wangu uliofungwa kitambaa asubuhi ile, yakabaki hapo. Sikuweza kukimbia.

Kisha baba mdogo alisimama, akapiga hatua moja mbele kama mtu anayetaka kuonyesha kitu, akateleza, akaanguka kifudifudi kwenye tope lile na suruali yake ya kaki. Alijaribu kuinuka akateleza tena. Alipiga mateke, akagaagaa, akashika mgomba ukang'oka naye. Aliposimama alikuwa amelowa tope mpaka masikioni, na chini ya migomba hapakuwa na nyayo hata moja zaidi ya za buti.

Kwanza walicheka. Walicheka mpaka wengine wakakaa chini, na watu wa Wambura ng'ambo ya kijito wakacheka pia. Halafu wazee wakakumbuka maana yake, kicheko kikakatika.

"Umetuua, Chacha!" Mzee Magige alisema kwa uchungu. "Nyayo zimefia kwetu!"

"Nimekosea, wazee wangu," alisema baba mdogo. "Buti hili ni la mjini."

Ritongo haikuchukua muda. Kwa kuwa nyayo zilikuwepo na mtu mmoja ndiye aliyeziharibu mbele ya macho ya watu, hapakuwa na haja ya kuziapisha kaya zote. Aliyeziharibu, nyayo ni zake. Baba mdogo alitakiwa kumpa Wambura mtamba kwa mtamba. Na yeye alikuwa na mmoja tu, aliyemnunua kwa jasho la jikoni la miaka minne, wa kukamilisha mahari ya msichana aitwaye Rhobi. Nilimwona akimfungua mwenyewe, akampiga kofi dogo kiunoni kama kumuaga, akamkabidhi. Bibi alisimama mlangoni na kinywa wazi. Alitaka kusema. Baba mdogo alimtazama tu, akapita kwenda kufua suruali.

Harusi ilikufa kwa wakati huo. Na kuanzia siku ile jina lake likawa Mpelelezi. Lilikuwa jina la kuchekea. Mtoto akianguka kwenye tope aliambiwa amekuwa Mpelelezi. Mtu akipoteza jembe alishauriwa amwite Mpelelezi, likipatikana alikanyage. Naye alicheka pamoja nao, akajibu kila salamu.

Jumapili iliyofuata wanaume hawakuja kusikiliza kitabu. Walisema Mwita amemharibu kijana wao. Tulibaki wanawake na watoto. Baba mdogo alisoma kama kawaida, akatafsiri, na katikati bibi akauliza bila kuinua macho kwenye ulezi wake, "Huyo Mwita wako, akijua jambo asiliseme, si ni mwongo?"

Baba mdogo alifunga kitabu na kidole kikiwa ndani. "Inategemea, mama. Kama ananyamaza ili mwingine aumie, ni mwongo. Kama ananyamaza na kuumia mwenyewe, mimi sijui jina lake."

Bibi aliinuka, akasema moshi umemwingia machoni. Moto ulikuwa umezimika tangu mchana. Mimi nililia waziwazi, nikasingizia mguu.

Mambo yalinyooka polepole. Rhobi alikataa wachumba wawili, akasema anangoja. Mwaka wa pili shangazi alituma zawadi kwa kaka yake kutoka Kerende: ng'ombe mwekundu mwenye baka jeupe usoni, na ndama wake nyuma. Baba mdogo alimzunguka mara mbili, akainama akatazama kwato.

"Mnyama mzuri," alisema. "Anakanyaga vizuri."

Bibi akacheka mpaka akashika mbavu, mara ya kwanza tangu siku ile. Mahari ikatimia, Rhobi akaja, na ile harusi nilikula nyama mpaka nikaugua. Wakapata watoto sita. Sitaki mtu aondoke hapa akidhani maisha yake yaliharibika. Alikuwa mtu wa furaha, alipika kuliko wanawake wote wa kijiji, na alikufa mzee katikati ya watu waliompenda. Hata wana wa Wambura walikuja kumzika. Kama bibi aliiba au alichukua chake, sijaweza kuamua mpaka leo, na Wambura naye alibaki na mtamba ambaye hakuwa haki yake. Baba mdogo aliwadanganya wazee wake mchana kweupe. Nikijaribu kuwapanga, wema huku na wabaya kule, nachoka.

Lakini jina halikumtoka. Alizikwa akiwa Mpelelezi. Wanawe walikua wakiitwa watoto wa Mpelelezi, wakapigana shuleni kwa ajili hiyo, na walipokuwa watu wazima walijifunza kucheka nalo kama baba yao. Nami nilijua, na bibi, shangazi na baba mdogo mwenyewe walipokufa nikabaki mimi peke yangu ninayejua. Nilijiambia siri si yangu. Baadaye nikajiambia mambo yamepita. Mtu akitaka kunyamaza hakosi sababu.

Krismasi iliyopita tulikutana wote nyumbani. Siku hizi watu wanafika kwa magari kutoka Mwanza na Nairobi, umeme unawaka, kisima kina pampu, na kule upande wa Kewanja usiku unaona taa za mgodi badala ya nyota. Siulaumu ulimwengu huu. Hakuna mjukuu wangu anayejua funza, na namshukuru Mungu. Ila zamani habari ya mtu mmoja ilitutosha mwaka mzima, tukaigeuza, tukaigombania, tukalala nayo. Sasa habari zinakuja mia kwa siku na hakuna hata moja inayolala na mtu.

Baada ya chakula kijana mmoja aliteleza kwenye ngazi, na mtu akapaza sauti, "Mpelelezi!" Wakacheka. Sijui kilichonipata. Nilisimama na fimbo yangu nikawaambia yote, kama nilivyoyaandika hapa: kamba, mtamba, chemchemi, mguu wangu. Simu zilishuka moja moja.

Nilipomaliza, kitukuu wangu wa miaka tisa alisema kwa sauti ya wazi, "Kwa hiyo, Bibi, mwizi ulikuwa wewe."

Watu wakamnyamazisha. Nikawaambia wamwache, mtoto amesema kweli, na nikacheka, maana kwa miaka yote hiyo nilikuwa nimemweka bibi kwenye kesi ile, na Wambura, na baba mdogo, sikujiweka mimi.

Matiko, mtoto wa kwanza wa baba mdogo, hakucheka. Ni mzee sasa, ana mvi kama zangu. Alikuja akakaa kwenye mkeka karibu na miguu yangu.

"Dada," alisema, "baba alijua kuzisoma zile nyayo?"

"Alizisoma zote."

"Hakuteleza?"

"Hakuteleza, Matiko."

Kisha akaniomba niseme tena, kwa sauti, wanawe wasikie. Nikasema tena.